Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuunda modeli za ngalawa, mashua na jahazi za mbao (na pa kushika ukikwama)

Maswali haya nayapata karibu kila wiki, mengine ana kwa ana mengine kwenye simu, nikaona bora niyaweke pamoja. Mi mtu wa Tanga, sasa nakaa Dar, naunda vyombo vidogo vya mbao kwa vipimo vya vyombo vya kweli. Siundi vyombo vikubwa, mi ni wa meza, kisu na gundi. Karibu kila ninachokijua nimekipata kwa kuuliza watu, kwa hiyo na wewe uliza tu.

Sijawahi hata kushika randa. Naweza kweli?

Unaweza. Kazi yenyewe ni vipande vidogo vidogo vingi, na kila kipande peke yake ni rahisi: kata, piga msasa, jaribu, rekebisha, gundi. Kinachowashinda watu wengi sio mikono, ni kukaa peke yao na tatizo mwezi mzima bila kumwambia mtu. Ukishapata hata mtu mmoja wa kumwonyesha kazi yako, nusu ya safari umeshamaliza, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu nimeona wenye mikono mizuri kuliko yangu wakiacha kwa upweke tu.

Nianze na chombo gani?

Ngalawa. Najua unataka jahazi lenye tanga kubwa na macho kwenye omo (sehemu ya mbele ya chombo), kila mtu anataka, lakini anza na ngalawa. Mwili wake ni mti mmoja uliochimbwa (vya kweli vingi ni mwembe), kwa hiyo hupigi mbao za ubavuni, unajifunza kuchonga umbo liwe sawa kushoto na kulia, afu unajifunza kufunga mirengu na matengo (miti ya pembeni inayozuia ngalawa isipinduke) kwa kamba, na kusimamisha mlingoti na tanga. Ukiharibu umeharibu kipande kimoja cha mti. Ngalawa ya mita 6 kwa skeli ya 1:10 (yaani modeli ni moja ya kumi ya chombo cha kweli) inatoka sentimita 60, saizi nzuri ya kushika.

Ya pili iwe mashua, ndo ya tatu jahazi. Walioanza na jahazi moja kwa moja wapo na wachache wamefika, ila wengi jahazi lao liko juu ya kabati mpaka leo lina mataruma (mbavu za ndani) tu.

Plani napata wapi?

Mafundi wetu hawatumii plani. Nenda Matondoni kule Lamu, nenda Nungwi, nenda Jibondo kule Mafia, utakuta chombo kinaundwa kwa jicho, kamba na uzoefu. Kwa hiyo plani unaitengeneza mwenyewe, na hii ni moja ya raha kubwa ya kazi hii wala usiiogope.

Subiri maji ya bamvua, bahari ikupwe kabisa, chombo kilale mchangani. Omba ruhusa kwa mwenyewe. Pima urefu kwa tepu kutoka omo mpaka tezi (nyuma ya chombo), afu kila baada ya mita moja pima upana wa juu, kina mpaka mkuku (uti wa mgongo wa chombo, kule chini), na ukishusha timazi (uzi wenye uzito) kutoka ukingo wa juu utapima ubavu umeingia ndani kiasi gani katika sehemu tatu au nne kwenda chini. Andika papo hapo kwenye daftari, usitegemee kichwa. Afu piga picha ukiwa mbali, mita 20 hivi, usawa wa chombo, kwa sababu picha ya karibu inavimbisha omo na kukudanganya. Mkiwa wawili kazi nzima haichukui masaa mawili na maji hayajarudi.

Na angalia chombo ni cha wapi. Jahazi la Lamu omo yake imesimama wima, la Unguja imelala kwenda mbele. Nimeona modeli nzuri sana yenye omo ya Unguja na yale macho ya mviringo ya Lamu yenye mwezi na nyota, na mzee wa Lamu aliyeiona alinyamaza tu akaondoka.

Skeli ipi nzuri?

1:20 kwa mashua. Mashua ya mita 8 inakuwa sentimita 40, mbao ya ubavu yenye unene wa sentimita 3 inakuwa milimita moja na nusu, inashikika na inapinda. Jahazi la mita 15 kwa skeli hiyohiyo ni sentimita 75, kwa hiyo pima meza yako kwanza. Kuna kitu kidogo nafanya kila mara: nakata mtu wa karatasi wa sentimita 8 na nusu (huyo ni mtu wa mita 1.7) namsimamisha kwenye chombo kila hatua. Kama ukingo unamfika kifuani, au kana ya usukani (mpini wake) ni nene kuliko mguu wake, unaona makosa hapohapo.

Mbao gani nitumie?

Mabaki ya maseremala. Mkangazi ni rahisi kukata na kupiga msasa, mvule ni mzuri ila vumbi lake linawasha pua na macho, vaa barakoa. Mti wa mwembe ni rahisi kuchonga. Mwarobaini mafundi wanaupenda kwa mataruma kwa sababu matawi yake yana vipindo vya asili, na kwenye modeli unaweza kufanya hivyohivyo, tafuta vijitawi vyenye pinda. Huna chochote? Vijiti vya aiskrimu, sina utani, mashua yangu ya kwanza imepigwa vijiti vya aiskrimu na ipo ukutani kwetu mpaka leo.

Muhimu mbao iwe kavu. Sehemu moja waliwahi kuniuzia mbao mbichi nikapiga ubavu wote mwezi wa nne, masika yale, kufika kaskazi nafasi kati ya ubao na ubao zinaingia kucha. Sasa mbao yoyote nainunua naiweka darini miezi mitatu kabla sijaigusa.

Nahitaji mashine?

Hapana. Kisu kikali, msumeno mdogo, patasi moja nyembamba, tupa, msasa namba 120, 240 na 400, drili ya kuzungusha kwa mkono, vibanio vya nguo dazeni mbili, rababendi na gundi nyeupe ya seremala. Supa glu weka akiba tu, inaganda kabla hujarekebisha na inaacha alama nyeupe.

Mbao za ubavuni zinanishinda. Zinapanda juu kwenye omo, zinavimba, zinaacha matundu. Nimekosea wapi?

Hili ndo swali namba moja, na naomba usome pole pole.

Mashua yangu ya pili ilinifanyia hivyo. Niliibeba kwenye mfuko wa rambo mpaka kwa fundi mmoja mzee kule pwani kwetu, anaunda mashua za kweli. Akaishika juu ya kichwa chake, akafumba jicho moja, akaitazama kutoka tezi kuelekea omo na jua likiwa nyuma yake. Afu akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ubavu kuanzia chini, kikafika mahali kikasimama. Akasema maneno mawili: "Umeanzia juu."

Ilikuwa kweli. Nilianza kupiga mbao kwenye ukingo kwa sababu kule juu ni rahisi, nikashuka, nilipofika chini karibu na mkuku mbao hazina pa kwenda zikaanza kupanda na kusukumana. Ubao wa kwanza ni ule wa chini unaokaa juu ya mkuku, huo ndo unawaamulia wenzake wote. Ukikaa vizuri, ukalala bila kulazimishwa, wa pili unaufuata.

Kosa la pili ambalo karibu wote tunalifanya ni kutumia ubao wenye upana mmoja mwanzo mpaka mwisho. Chombo ni kipana katikati na chembamba omo, mbao zilezile lazima zitoshe kotekote, kwa hiyo kila ubao lazima upungue kuelekea omo. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe katikati ya chombo kutoka mkuku mpaka ukingo, tuseme umepata milimita 96. Unataka mbao 12, basi kila moja milimita 8. Sasa zungusha karatasi hiyohiyo kule omo, umepata 60. Gawa kwa 12, unapata 5. Kwa hiyo kila ubao unaanza na 8 katikati unaishia na 5 omo. Ni hesabu ya darasa la nne, na imeokoa modeli nyingi kuliko kifaa chochote cha kununua. Ila ubao usipungue chini ya nusu ya upana wake, ikifika hapo katiza mmoja njiani uwaachie nafasi wenzake.

La tatu, piga ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza mkuku utapinda na haurudi.

Kupinda: loweka ubao kwenye maji ya moto robo saa au dakika 20, afu uviringishe kwenye kopo la bati lenye joto, bonyeza kidogo kidogo mpaka ukubali. Ubao ukihitaji nguvu ya vibanio vitano kukaa, haujawa tayari, urudishe kwenye maji.

Na niliyoyaharibu tayari? Nitupe?

Usitupe! Gundi nyeupe inalainika kwa maji ya moto. Kitambaa chenye maji ya moto weka juu ya ubao dakika kumi, rudia, afu pitisha kisu chembamba chini yake taratibu. Mashua ile niliyoisema nilibandua mbao sita, tatu kila upande, nikaanza upya kutoka kwenye mkuku. Ilichukua Jumamosi moja. Nafasi ndogo ndogo unajaza na unga wa mbao yenyewe ukiuchanganya na gundi.

Nitamwendeaje fundi wa kweli? Naogopa ataniona napoteza muda wake.

Nenda jioni baada ya alasiri kazi ikipungua, usiende siku wanayoshusha chombo majini. Shikamoo kwanza, habari za kazi, habari za nyumbani, kaa. Usitoe simu na kuanza kupiga picha kabla hujaomba. Kama wanainua ubao, weka vitu vyako chini, shika. Mwanagenzi kwa fundi anajifunza kwa kushika na kutazama, akikuona unashika atakufungulia mengi.

Na jambo kubwa kuliko yote: nenda na kitu mkononi. Ukimwambia "fundi nifundishe kuunda jahazi" atacheka tu, aanzie wapi, yeye amejifunza miaka. Lakini ukimpa mwili wa mashua umebonyea upande mmoja ukauliza "hapa imebonyea, kosa limeanzia wapi?", hakuna fundi atakayeweza kuuacha. Ataugeuza, ataushika, ataita mwenzake aje aone, watabishana wao kwa wao na wewe umesimama hapo unapokea shule ya bure. Kitu kibovu mkononi kinaleta ushauri mzuri kuliko maelezo mazuri mdomoni. Mi hilo naliamini kabisa.

Afu rudi. Ukirekebisha alichokuambia, mpelekee aone. Watu wengi wanachukua ushauri wanapotea, fundi hajui kama uliwasaidia.

Sina fundi karibu, natuma picha kwa watu wanaojua. Mbona wananijibu "safi sana" basi?

Kwa sababu umetuma picha ya ubavuni yenye mwanga wa mbele, hapo kila chombo kizuri. Tuma tatu: moja kutoka omo macho yako usawa wa mkuku, moja kutoka tezi hivyohivyo, na moja ya ubavu taa ikiwa pembeni kabisa ili vivuli vionyeshe mabonde. Afu uliza kitu kimoja. "Mnaonaje?" inaleta pongezi, "ubao wa tatu unapanda, nibandue au niendelee?" inaleta ushauri.

Kuna mtu kaniponda mbele za watu, sina hamu tena.

Pole sana. Inauma, hasa kitu ulichokaa nacho miezi. Ngoja siku mbili, afu jiulize kama ndani ya maneno yake kuna kipimo. "Mlingoti wako umelala nyuma, wa jahazi unalala mbele" ni ushauri hata kama umesemwa vibaya, uchukue, na ni kweli, mlingoti wa jahazi unaegemea mbele. "Hii takataka" haina kipimo ndani yake, hiyo iache.

Na sisi tunaoulizwa tujifunze. Mtu akileta kazi yake ya kwanza, tafuta kitu kimoja amefanya sawasawa umtajie kwa jina lake, sio "hongera" ya juu juu, mwambie "ulivyofunga mrengu hapa ndivyo wanavyofunga". Afu mpe kosa moja tu la kurekebisha. Moja. Ukimpa tisa, atarekebisha sifuri.

Nimeacha miezi sita, naona aibu kurudi.

Futa vumbi. Usianze pale ulipokwamia, anza na kitu kidogo kinachoisha jioni hiyohiyo: nanga, kana ya usukani, kapi moja, kata ya kuchotea maji. Ukiweka kitu kilichoisha mezani mkono unarudi wenyewe.

Nyumbani wanasema ni mchezo wa watoto.

Wengi wetu kweli tulianza na vingalawa vya ndara zilizokatika na tanga la mfuko wa plastiki, na sioni aibu. Lakini ukipata nafasi nenda Makumbusho ya Lamu au Fort Jesus Mombasa, utaona vyombo vya watu wa pwani vimewekwa kwa heshima.

Fikiria mtepe. Kile chombo kilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari wa chuma, tanga lake la mkeka la mraba, omo yake kama shingo ya ngamia. Hakuna mtepe wa zamani uliobaki majini. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu umbo lake tunayo kwa sababu ya picha chache, maandishi ya watu waliouona, na modeli ndogo ambazo mtu alikaa akaziunda. Pale Beit-el-Ajaib (Jumba la Maajabu) Unguja paliwekwa mtepe wa ukubwa kamili uliojengwa upya, kabla sehemu ya jengo kuporomoka Desemba 2020. Sasa mashua za faiba zinaongezeka kila mwaka na mbao ngumu zinaadimika. Kijahazi chako chenye vipimo sahihi na majina ya kila kiungo kwenye daftari, hicho sio mchezo.

Basi nataka kuunda mtepe!

Baada ya mashua mbili. Kushona ubao wa milimita 2 kunataka matundu ya drili mia kadhaa na uvumilivu. Ila tujue kwamba kushona vyombo hakujafa duniani, Oman walijenga Jewel of Muscat kwa kushona, na mwaka 2010 ikasafiri kutoka Muscat mpaka Singapore.

Tanga na kamba natumia nini?

Pamba nyepesi, shuka kuukuu iliyofuliwa sana ndo nzuri kuliko zote. Ichemshe kwenye chai ya rangi ili weupe upungue. Mishono ya tanga usishone na cherehani, uzi unakuwa mnene kama kamba ya nanga, chora kwa penseli kali. Foromali (mti unaoshika tanga) ya chombo kikubwa mara nyingi ni miti miwili au zaidi imeunganishwa na kufungwa kamba, fanya hivyo na wewe, usichonge kijiti kimoja. Uzi wa henza (kamba ya kupandishia foromali) na demani (kamba ya kuongozea tanga) upake nta ya nyuki ulale, la sivyo unasimama manyoya.

Rangi?

Usipake vanishi ya kung'aa, tafadhali. Chombo cha kweli hakimetameti. Juu paka mafuta ya linsidi, kidogo, futa. Mafuta ya nazi hayakauki, yatashika vumbi milele, na sifa (mafuta ya papa) usiilete ndani ya nyumba. Chini ya maji vyombo vya kweli vinapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu (mafuta ya mnyama), kwa hiyo chukua rangi nyeupe isiyong'aa iliyozimuliwa kwa maji, upake kwa kitambaa isiwe sawasawa.

Niko Ulaya, nimenunua boksi la vipande vya kuunda modeli ya meli ya kivita ya Waingereza, nalo linahesabika?

Linahesabika sana. Mbao zimeshakatwa na plani ipo, utajifunza kupiga ubavu vizuri kabisa, na hesabu ile ya ukanda wa karatasi ni ileile. Ila siku moja ukija likizo, beba tepu.

Mwanangu wa miaka tisa anataka kusaidia.

Mpe msasa, uzi na kupaka nta. Kisu bado. Na kazi yake isirekebishwe kwa siri akilala, atajua.

Modeli itaelea?

Ngalawa itaelea yenyewe. Mashua na jahazi vitalala ubavu ukivitia maji hivihivi kwa sababu havina shehena, na chombo cha kweli kitupu nacho kinawekewa uzito. Chukua risasi za nyavu, zipange chini kando ya mkuku ndani, usizigundi kwanza. Tia kwenye beseni, sogeza risasi mbele na nyuma mpaka ikae sawa, alama ya maji ichore kwa penseli. Ubavu uwe umepakwa mafuta ndani na nje angalau wiki mbili kabla. Ukiridhika gundi risasi, afu ipeleke pwani asubuhi upepo haujaamka, na funga uzi mrefu kwenye tezi.